Mgeni wa Tumboni na Boksi la Glovu

Kama umeambiwa kwamba kuanzia sasa haja kubwa itatokea tumboni, kaa kitako kwanza. Kunywa maji. Halafu nisikilize mimi, ambaye si daktari bali fundi sofa wa Mbagala, na nimeishi hivyo tangu jua kali la mwanzo wa mwaka hadi vuli ikapita. Sasa utumbo wangu umeshaunganishwa, naenda chooni kama watu wengine, na kila nikitoka nasema alhamdulillahi kwa sauti hadi mke wangu ananicheka. Naandika kwa sababu nilipokuwa kule hospitali niliambiwa mambo makubwa yote, ila madogo hakuna aliyeniambia, na madogo ndiyo yaliyokaribia kuninyima siku kubwa kuliko zote katika maisha yangu.

Makubwa ni haya: nilikuwa na uvimbe katika utumbo mpana, ukaziba njia, nikapasuliwa haraka. Nilipozinduka nilipapasa tumbo nikakuta mfuko umebandikwa upande wa kushoto. Ndani yake kulikuwa na kidude chekundu chenye unyevu, rangi ya ndani ya shavu. Niligeuza uso ukutani. Sista wa wodini, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kubembeleza, akaniambia, "Baba, usimchukie. Huyu ni mgeni tu. Akimaliza kazi yake ataondoka."

Jina likashika. Mgeni. Lakini kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu siku ya tatu ndiyo kwanza akaamka, akaanza kunguruma na kumwaga, na jembe nikalishika mimi.

Hospitali walinipa mifuko michache ya kiwandani, ile yenye gundi ya kushika ngozi. Ilipokwisha tukaanza kuhangaika. Mzee mmoja niliyelala naye wodini alishanieleza kwamba zamani wenye hali hii walikuwa wakijifunga rambo, ile mifuko ya plastiki ya sokoni. Rambo zilishapigwa marufuku, na mifuko ya kitambaa iliyokuja badala yake inapitisha maji. Basi mke wangu Zuhura akaenda duka la vifungashio, akarudi na vifuko vya nailoni angavu, vile vya kufungia karanga na ubuyu. Mimi nikakata mkanda wa mpira, ule ninaoutandaza kwenye fremu ya sofa chini ya godoro, nikashona kitu cha kuzunguka kiuno chenye tundu la kupitisha mfuko. Nilikijaribu mara kadhaa hadi kikakaa. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyofanya kwa mikono yangu tangu niugue, na kwa muda ule mdogo nilijisikia fundi tena.

Tatizo likaja kwenye glovu.

Zuhura alinunua boksi la glovu duka la dawa ili zimsaidie kunibadilisha. Mimi nikazipenda kupita kiasi. Nilikuwa najiona najisi, hilo ndilo neno, mwili mzima. Kubadilisha mfuko, glovu mpya. Kufungua mlango, glovu. Kushika rimoti, kushika kikombe, kushika simu nikipigiwa, glovu. Nikizivua baada ya muda mfupi navaa nyingine. Kila kifuko kilichotumika nilikifunga ndani ya kifuko kingine, hicho ndani ya kingine, kama zawadi ya harusi. Boksi likawa halimalizi wiki. Na Zuhura akitaka kunigusa, hata kunishika tu begani, nilimwambia, "Vaa glovu kwanza."

"Nakushika bega, baba Rukia. Bega lina nini?"

"Vaa tu."

Alivaa. Mkono wake, ambao naujua tangu ujana, ukawa unateleza ngozini kwangu kama wa mtu nisiyemjua. Niliumia, na bado mwenyewe ndiye niliyeamuru.

Chakula nilikuwa nakula peke yangu chumba cha nyuma, kwa kijiko, kwenye sahani yangu. Nyumbani kwetu tunakula sinia moja, tunanawishana kwa birika, huyu anamsogezea mwenzake mnofu. Nilikuwa nawasikia upande wa pili wakinawa, maji yakidondoka kwenye beseni, nami nimekaa na kijiko changu na mikono ya mpira. Rukia, binti yetu wa kwanza, alikuwa anaacha nafasi yangu wazi pale mkekani. Mama yake aliniambia. Nilijifanya sikusikia.

Kuhusu taka, nitasema ukweli. Kwetu wazoa taka hupita na guta, baiskeli yao ya matairi matatu, Jumamosi asubuhi, watu wanatoa viroba vyao nje, kila mtu anaona cha mwenzake. Niliona haya. Zuhura alinisihi nimwachie yeye afunge atoe, nikakataa. Nilikuwa nayatumbukiza yote chooni, glovu na vifuko, kwenye shimo. Huko nani angeona? Shimo halina mdomo.

Wakati huohuo posa ikaja. Kijana anaitwa Idrisa, anauza vipuri vya pikipiki huku huku Mbagala, mpole, mwenye aibu kidogo. Wazee wake walikuja wakakaa na mdogo wangu Shabani sebuleni. Mimi niliwasikiliza kupitia pazia. Walipoondoka Rukia akanifuata chumbani. Alisimama mlangoni maana alijua sipendi watu waingie.

"Baba, nimekubali. Ila nataka wewe ndo uniozeshe."

Asiyejua desturi yetu nimweleze. Siku ya nikaha baba wa binti hukaa chini, goti kwa goti na bwana harusi, wakashikana mikono, na kwa kinywa chake akasema nimekuozesha binti yangu fulani. Wanaume wote wamewazunguka kimya. Baba akishindwa, humpa mtu uwakala amsemee.

"Baba mdogo Shabani atakuwa wakala wangu," nikamwambia.

"Wakala ni wa baba aliye mbali, au aliyekufa. Wewe uko chumba cha pili."

"Rukia, mwanangu, mimi nanuka."

"Hunuki."

"Nanuka. Na huyu Mgeni haniulizi kabla ya kusema. Unataka aseme mbele ya wazee wa watu?"

Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaondoka, na tangu siku hiyo hakulitaja tena. Hilo ndilo liliniuma zaidi, kwamba hakulitaja tena. Ningependa agombane na mimi.

Masika ikaingia. Matibabu ya dripu, dawa ya kuzuia uvimbe usirudi, nayo yakaanza, nikawa naenda hospitali, nakaa kwenye kiti dawa inaingia, narudi nyumbani nimelegea, ulimi una ladha ya sarafu, vidole vinachoma nikigusa maji baridi. Siku za mwanzo baada ya dripu Mgeni alikuwa anaharisha, na vifuko vikawa vingi maradufu. Mvua inanyesha, ardhi imeshiba, na choo chetu, ambacho tunakitumia na familia mbili za wapangaji, kikaanza kurudisha uchafu juu.

Tukaita gari la kunyonya. Lilikuja asubuhi mvua imekatika, watu wako nje wanaanika nguo. Vijana wawili wakatumbukiza mpira, injini ikanguruma, kisha ikabadilisha sauti, ikawa inakoroma. Mpira umeziba. Wakauchomoa, wakazibua, wakatumbukiza tena. Ukaziba tena. Mmoja akachukua mti mrefu wenye ndoano akaanza kuvua.

Nilikuwa nimesimama dirishani. Ikatoka glovu. Ikatoka nyingine, imejaa, vidole vyote vitano vimesimama. Vikatoka vifuko vimefungana mafundo. Akavitupa pembeni vikawa chungu, akaendelea, chungu ikakua. Mama Tatu, mpangaji wetu, mwanamke mcheshi ambaye hana ubaya na mtu, akasema kwa sauti, "Jamani, humu shimoni kuna hospitali?" Watu wakacheka. Halafu akakumbuka, akashika mdomo, kicheko chote kikafa uani. Kile kimya kilinichoma kuliko kicheko.

Lakini si hapo nilipovunjika. Nilivunjika nilipomtazama yule kijana mikono. Alikuwa hana kitu mikononi. Anazitoa glovu zangu kwenye ndoano kwa vidole vitupu, moja baada ya nyingine, anajipangusa kwenye suruali. Mimi nimevaa mpya, za asubuhi ile, nimeshika pazia. Nilikuwa nimejikinga na uchafu wangu mwenyewe, kisha nikamtupia mtoto wa mwenzangu auokote kwa mikono.

Nilivua zile glovu. Nikamwita Zuhura, nikamwambia awapelekee vijana boksi lililobaki, sabuni na ndoo ya maji. Akanitazama kama anayetaka kuhakikisha nimesema mimi, akalichukua. Kutoka dirishani nilimsikia anawaambia, "Vaeni wanangu. Mtuwie radhi. Mume wangu anaumwa, tulikuwa hatujui pa kuviweka."

"Hamna shida mama," yule wa ndoano akasema. "Ila mngetuambiaga mapema. Vitu hivi haviozi, vinatuulia mpira."

Tulikuwa hatujui pa kuviweka. Alijua fika kwamba ni mimi peke yangu, akajiingiza. Aliporudi ndani nililia mbele yake, na kilikuwa kilio cha kwanza tangu nipasuliwe. Akaniwekea kiganja shingoni, hana glovu, bado kina maji ya ndoo. Sikumwambia avae.

Safari iliyofuata ya hospitali nilikwenda mapema. Pale kwenye mabenchi ya kusubiria unakaa hadi unajua watu wote wanaumwa nini na wamelala wapi. Nilikaa karibu na bibi mmoja wa Gongo la Mboto, amejifunga khanga mbili, anakula ndizi taratibu. Nikajikuta namsimulia. Alicheka hadi ganda likamdondoka.

"Mwanangu, hata mie ninaye," akasema, akapiga ubavu wake kidogo, pale pale penye wangu. Sikuwa nimehisi harufu yoyote, nami nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega asubuhi nzima. "Wa kwangu namwita Mkwe, maana hana adabu."

Nikamuuliza anafanyaje. Akanieleza kama anayeeleza mapishi. Humwaga kilichomo chooni, ambako ndiko kwake siku zote. Kifuko anakisuuza kwa maji ya kopo. Kama bado kizima, kinarudi kazini kutwa hiyo. Kikichoka anakizungushia gazeti, anakitia kwenye kiroba kimoja tu cha taka, anakifunga, na anawaambia wazoa taka hiki ni cha mgonjwa, msikifungue. "Useme. Ukisema, watakushikia kwa adabu. Ukificha, atakifungua mtu akidhani ni chakula." Juu ya mfuko anavaa kijifuko cha khanga alichokishona, cha kufua na kuanika, ili nailoni isimchome ngozi.

Sista wa kliniki naye, nilipomuuliza habari za glovu, aliniuliza swali: "Glovu ukishaivaa, huwa unaiosha mara ngapi?" Nikatikisa kichwa. "Basi mkono ulioosha kwa sabuni ni msafi kuliko hiyo. Cha kwako mwenyewe shika kwa mikono yako, osha vizuri, maliza. Mama avae pale anapokushika kwenye uchafu, hasa siku za mwanzo baada ya dripu, au akiwa na jeraha. Avae, avue, atupe, anawe. Bega halihitaji glovu."

Zuhura alikuwa amekaa pembeni yangu. "Nilisema mie," akamwambia sista. "Bega lina nini."

Huo ndio ukawa utaratibu wetu kipupwe kizima. Sitakudanganya kwamba ulikuwa rahisi. Kuna siku kifuko kilivuja nikiwa nimevaa shuka safi, kuna siku nilimfokea Zuhura kwa sababu ya gazeti kuisha, akanifokea na yeye, tukanuniana hadi magharibi. Na bado nailoni ni nailoni. Kila kifuko nilichokitumia kipo mahali fulani hadi leo, nami sina la kujitetea ila kwamba nilikihitaji, na kwamba nilitumia kimoja pale nilipokuwa natumia vinne. Sokoni Zuhura alirudia kikapu cha ukili cha mama yake. Alisema akitoka duka la vifungashio na vifuko vyangu, basi angalau nyanya zije nyumbani bila mfuko.

Na nikarudi mkekani. Siku ya kwanza Rukia ndiye aliyeninawisha. Alishika birika juu, maji yakanipita kwenye vidole vilivyokuwa vikichoma kwa sababu ya dawa, na alikuwa ameyapasha moto kidogo bila kuambiwa na mtu. Nikala wali kwa mkono. Tulizungumzia kukatika kwa umeme.

Daktari alikuwa ametuahidi kuunganisha utumbo kabla ya vuli, lakini damu yangu ikawa chini, dripu zikasogezwa mbele, na kuunganishwa nako kukasogea. Siku ya nikaha ilikuwa imeshapangwa, sasa ikaangukia kabla ya kuunganishwa. Zuhura alinipa habari hiyo akiwa anakunja nguo, kisha akaendelea kukunja, ananiachia mimi uamuzi. Nilimwita Rukia.

"Nitakuozesha mimi," nikamwambia. "Ila akisema Mgeni, usije ukanilaumu."

"Aseme tu. Si naye ni wa ukoo sasa?"

Shekhe wa mtaa nilikwisha kumuuliza mambo ya udhu na sala tangu mapema, naye alinijibu kwa upole kwamba mwenye udhuru ana nafasi yake, nitawadhe kila sala ikiingia, nisali, nisijitese. Ilibaki kujiandaa. Tangu juzi yake sikula maharage, kabichi wala kitunguu. Asubuhi niliweka kifuko kipya, kijifuko cha khanga juu yake, mkanda wangu wa sofa, halafu kanzu. Shabani akanizunguka mara mbili akinikagua, akainama akaninusa kama anayenunua embe.

"Kaka, unanukia udi tu. Twende."

Sebule ilikuwa imejaa wanaume. Wazee wa upande wa pili wamekaa mbele, makoti juu ya kanzu, wazito. Rukia alikuwa chumba cha ndani na wanawake. Shekhe alikwenda kumuuliza ridhaa yake, akarudi. Nikakaa zuliani goti kwa goti na Idrisa. Tukashikana mikono ya kulia. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, na changu kilikuwa kimekauka na kuchubuka kwa dawa. Shekhe akasoma hotuba, akanyamaza, akanipa ishara.

"Idrisa," nikasema.

"Labeka."

"Nimekuozesha binti yangu..."

Na hapo Mgeni akasema. Hakusema kidogo. Alitoa sauti ndefu, ya chini, yenye kituo katikati, sebule nzima imenyamaza kimya cha nikaha. Mzee mmoja wa mbele aliinua macho. Maneno yote yakanitoka kichwani, na mkono wangu ukaanza kujivuta wenyewe kurudi kwangu. Nilikuwa nimeshamtafuta Shabani kwa macho. Nilitaka aje akae pale, amalize yeye, mimi niende chumba cha nyuma.

Mkono haukuvutika. Idrisa, yule kijana wa aibu, alikuwa ameukaza. Akausogeza karibu na kifua chake, akaniinamia, akasema taratibu, wote wakamsikia:

"Baba, malizia. Siwezi kukubali, bado hujamtaja jina."

Nikamtazama. Alikuwa ananisubiri, hana haraka, ananisubiri mimi.

"Nimekuozesha binti yangu Rukia."